Kengele Ambayo Baba Hakupigiwa

Chunya,
Jumatatu asubuhi.

Mdogo wangu Tabitha,

Kamwene.

Naanza kwa kukuomba radhi kwa kunyamaza tangu mavuno ya mwaka jana. Simu zako niliziona zikiita na sikuzipokea. Ujumbe wako niliusoma wote na sikuujibu. Sababu ni moja. Mara ya mwisho tulipozungumza uliniuliza, "Kaka, umelewa?" Nikakata simu. Sikuwa nimelewa. Tangu nizaliwe sijaweka pombe mdomoni, nawe wajua. Ulimi wangu ulikuwa umeanza kuvuta maneno, na swali lako lilikuwa lile lile alilokuwa akiulizwa baba kila alipotoka nje ya nyumba. Kama angeniuliza mtu mwingine ningelisahau jioni ile ile. Kwa kuwa uliniuliza wewe, limenichukua muda huu wote.

Kwa hiyo naandika. Usishangae ukubwa wa herufi. Hili ni daftari la mwandiko la darasa la kwanza, lile lenye mistari minne, nami nimelinunua mwenyewe dukani, kwa kuwa katika karatasi ya kawaida maneno yangu hupanda mlima na kushuka bondeni. Miaka thelathini na minne niliwachapa watoto wa watu vidole kwa sababu ya herufi zilizotoka nje ya mstari. Sasa naandika nusu ukurasa kila asubuhi baada ya chai, mkono ukiwa bado unanisikiliza. Ukiona rangi ya wino imebadilika, hiyo ni siku nyingine.

Je, goti lako limepona? Shemeji bado anakohoa ukungu ukishuka? Huku hakuna ukungu. Huku ni vumbi, na karasha za wachimbaji wa dhahabu zinasaga mawe tangu alfajiri hata vikombe vinatetemeka kabatini. Ukiuliza hali yangu, sitaandika kwamba sijambo, kwa kuwa si kweli. Najua Mama Amani alikwisha kukueleza habari za hospitali, ingawa nilimkataza. Alikueleza kwa kifupi. Mimi nitakueleza kwa urefu, kwa sababu kilichomo humo ni chetu sote.

Tulikwenda Mbeya mwanzoni mwa mwaka. Tulipokewa na daktari mwanamke, kijana, mwenye adabu. Alinitaka niguse pua yangu kisha niguse kidole chake. Nikagusa shavu, kisha nikagusa hewa. Alinitaka nitembee juu ya mstari wa vigae, kisigino mbele ya kidole, nikashika ukuta. Hayo niliyatarajia, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa imeanza kunikana tangu mwaka juzi. Yaliyofuata sikuyatarajia.

"Mwalimu," akasema, "nakupa dakika moja. Nitajie maneno yanayoanza na herufi M, mengi kadiri uwezavyo."

Nilimcheka moyoni. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Nikasema: mti, mtu, mama, maji. Kisha nikakwama. Maneno mengine niliyaona, Tabitha. Yalikuwa yamejipanga nje ya mlango kama wanafunzi wanaosubiri kuitwa, nikashindwa kuliita hata moja kwa jina lake. Nikasema tena "mama". Dakika ikaisha. Daktari akaandika namba nne katika karatasi yake, nami nikaiona.

Akamgeukia Mama Amani. "Mama, huko nyumbani tabia yake imebadilika? Amekuwa mkali?"

"Daktari, huyu alikuwa mkali tangu ananioa. Si mwalimu?"

"Nauliza kama imezidi."

"Zamani alikuwa mkali kwa ratiba. Siku hizi ratiba hana. Anafokea mpaka kuku. Mbolea anaweka kabla hajachimba shimo, ukimwambia anarusha jembe. Halafu anacheka msibani."

"Anacheka?"

"Kwa jirani yetu, maiti imelala sebuleni, kacheka mpaka katolewa nje. Na juzi redio imetaja bei ya mahindi, basi, kalia kama mtoto. Nikamwuliza, baba, kwani mahindi yamekufanya nini?"

Daktari hakucheka. Nilimheshimu kwa hilo. Alitupeleka kupiga picha ya kichwa, kisha akatuonyesha. Huko kisogoni, chini ya ubongo mkubwa, kuna sehemu ndogo iliyojikunja peke yake. Yangu imenywea kama kiazi kilichosahauliwa stoo. Watu hudhani, akasema, kwamba kazi ya sehemu ile ni kusawazisha miguu na mikono tu. Husawazisha pia mawazo, maneno na hisia. Inapochakaa, mtu hushindwa kupanga kazi hatua kwa hatua, hulikosa neno analolijua, hucheka bila furaha na kulia bila huzuni, na hasira yake hutoka kabla hajaichuja. Kisha akauliza, kama vile anauliza nimetoka wilaya gani: "Baba yako alikuwaje?"

Nilikaa katika kile kiti nikaiona miaka yote ya baba ikigeuka upande wa pili.

Damu yangu ilipelekwa mbali kupimwa na jibu likarudi baada ya miezi kadhaa. Ni ugonjwa wa kurithi. Kila mtoto wa mwenye ugonjwa huu ana nafasi nusu ya kuupata na nusu ya kuukosa, na hakuna sala wala chakula kinachobadili hesabu hiyo. Hakuna dawa ya kuuondoa. Kuna mazoezi ya kutembea, ya kusema na ya kumeza. Nayafanya.

Sasa nataka ukumbuke baba nami. Wewe ulikuwa bado darasa la tatu, na mengi tulikuficha.

Baba yetu, Mzee Yeremia, alikuwa mpiga kengele wa mtaa wetu. Ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kando ya kanisa ilikuwa mikononi mwake. Jumapili huipiga kwa haraka na kwa furaha. Kwenye msiba huipiga polepole: pigo, kimya kirefu, pigo. Watu wa vilima vyote vile, hadi ng'ambo ya mto, walijua la kufanya kabla hawajaulizana. Siku aliyofariki mama yake mwinjilisti, baba alipiga kengele ya Jumapili. Hakufanya kusudi. Mkono ulipoteza kimya kile kirefu. Watu wakaja wamevaa vizuri, wengine wamebeba kuku, wakidhani kuna harusi, wakamkuta mwinjilisti ameketi chini analia. Ndipo Mzee Zakaria, aliyekuwa mzee wa kanisa pamoja na baba, tena jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, aliposimama akasema: "Yeremia amekunywa ulanzi."

Tulikuwa na mianzi ya kugema pombe hiyo, ni kweli. Nani huko kwetu Kilolo hakuwa na mianzi? Baba aliigema wakati wa masika na kuwauzia wapitao, naye hakuonja. Baraza la wazee likamtenga. Asishiriki Meza ya Bwana, asishike kengele. Baba alifanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya: aliing'oa mianzi yote. Mimi na yeye tulichimba yale mashina kwa shoka na majembe kwa wiki nzima, naye akianguka ndani ya mashimo na kuinuka. Wiki iliyofuata akapita njiani akiyumba vile vile. Zakaria akawaambia watu, "Ya kwake ameing'oa. Ya jirani bado ipo." Watu wakacheka sana. Mianzi yake Zakaria mwenyewe ilikuwa inadondosha ulanzi pale kijitoni kila asubuhi, naye akija kanisani amenyooka kama ufito, na hakuna aliyemwuliza neno.

Nilipokuja likizo, nikiwa mwalimu wa mwaka wa kwanza na shati jeupe, nilimkuta baba ameketi jikoni.

"Eliya, mwanangu, sijanywa."

"Baba, nakuamini. Lakini kubali tu, yaishe. Urudi kundini. Ukifa ukiwa nje, nani atakuzika?"

"Nikubali nini?"

"Kwamba ulikunywa."

"Nimdanganye Mungu nyumbani kwake?"

"Mungu anajua, baba. Hawa ndio hawajui."

Ungamo lile niliandika mimi. Lilikuwa na sentensi nne, na kila moja ilikuwa safi. Nilimfundisha kwa siku sita. Kila mara sentensi ya pili ilimpotea. Nilimfokea baba yangu kama mwanafunzi mtoro. Nilimwambia, "Baba, hata mtoto wa darasa la pili angekuwa ameshika." Alinitazama, akaanza upya, akaipoteza.

Jumapili ilipofika alisimama mbele ya usharika, mikono amekunja. Akasema sentensi ya kwanza. Akatafuta ya pili. Kisha akacheka. Wewe ulikuwa umeketi na mama upande wa kina mama, huenda wakumbuka sauti tu. Mimi nilikuwa karibu, niliona machozi yakimshuka huku mdomo ukicheka, na macho yake yakiniomba msaada. Nikatazama chini. Zakaria akainuka taratibu, akageukia watu. "Wapendwa, mmejionea wenyewe. Anamcheka Mungu mbele ya madhabahu."

Baba hakurudi kundini. Alipofariki, alipopaliwa na uji na kifua kikajaa, hakuja mchungaji wala mwinjilisti. Tulikuwa watu kumi na mmoja, tukaimba wenyewe. Kamba ya kengele wakati huo ilikuwa mikononi mwa Zakaria, na siku ile alikaa kwake. Nilisimama kaburini nikiitazama ile rimu kwa mbali. Ilitulia kama kipande chochote cha chuma.

Kosa la kulitunga ungamo lile ni langu na nitalijibu mwenyewe. Kosa la Zakaria ni lake. Sijamsamehe. Naliandika neno hili kwa herufi kubwa na ndani ya mistari ili usije ukadhani mkono ulinitoroka: SIJAMSAMEHE. Ndiyo maana nilipopewa uhamisho wa kuja huku Chunya nilishukuru, na nilipostaafu sikurudi.

Sasa nakuja kwenye ujumbe wako. Kati ya wasichana wote wa Iringa, mwanangu Amani amempenda Sifa, mjukuu wa Zakaria. Amekutana naye Ilula, Amani akipanga nyanya kwenye matenga na Sifa akiziuza barabarani. Nilipopata habari hiyo nilikaa kimya, nikitumaini itapita. Haikupita. Wewe kama shangazi ulimtuma mshenga, na mshenga akarudi na sharti, nawe ukaniandikia kama lilivyosemwa: "Mzee Zakaria anasema, ukoo ule ulikuwa wa walevi. Baba wa kijana aandike kwa mkono wake kwamba kwake hakuna ulevi. Si ni mwalimu? Basi aandike." Chini yake ukaongeza maneno yako mwenyewe: "Kaka, andika hilo tu. Mambo ya hospitali yaache huko huko. Nina mabinti wawili hawajaolewa."

Nitakuambia ukweli. Nilipousoma ujumbe ule nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku nilipopata kazi. Nilichukua kalamu asubuhi ile ile, na mkono ambao hauwezi kufunga kifungo uliandika bila kutetemeka: "Mimi Eliya, mwana wa Yeremia, nathibitisha kwamba katika nyumba ya baba yangu na katika nyumba yangu hakuna mlevi, wala hajapata kuwako." Sentensi moja. Isome tena uone kama ina uongo. Haina. Ungeweza kuiapia mahakamani.

Zakaria atavaa miwani yake, ataisoma, ataitikia kwa kichwa na kumtoa mjukuu wake. Kisha tutangoja. Kama Amani ameangukia upande mbaya wa ile nusu, na watoto wake nao, basi itafika siku ambapo damu ya Zakaria itapita katika njia ile ile ya kwenda kanisani ikiyumba, itacheka msibani, itapoteza sentensi ya pili, na watu wataulizana mtoto yule amekunywa wapi. Nilitaka awe hai ayaone. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilipiga magoti nikamwombea Zakaria miaka mingi.

Umeona basi kwamba mimi nawe twataka kitu kimoja, ninyamaze. Wewe kwa ajili ya mabinti wako, mimi kwa ajili ya hayo niliyokuandikia. Usidhani kwa sababu hiyo kwamba tuko pamoja.

Niliporudi Mbeya kwa mazoezi nilimwuliza daktari: "Hasira niliyo nayo kwa mtu mmoja, ni yangu au ni ya ugonjwa?" Nilitaka aseme ni ya ugonjwa. Ningekuwa na cheti. Akasema, "Ugonjwa unalegeza breki, Mwalimu. Gari ni lako." Sikulipenda jibu lake. Nimelirudia rudia tangu siku ile, na sijaona pa kulisahihisha.

Wiki mbili zilizopita Amani na Sifa walikuja kuichukua karatasi. Hawakusema kwamba wanakuja. Walishuka tu kwenye basi la kutoka Mbeya na tenga la nyanya. Sentensi yangu ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia ya baba, hatua tatu kutoka nilipoketi.

Amani alipokwenda kuteka maji nilisimama dirishani nikaitazama miguu yake. Alipita juu ya ule ubao uliolazwa kwenye mfereji, ndoo moja kila mkono, hakumwaga hata tone. Nikashukuru. Kisha nikakumbuka kwamba katika umri wake nami nilikuwa nikipita, tena nikipiga mluzi.

Sifa aliketi mbele yangu. Ana paji la uso la babu yake, na hilo peke yake lilinitosha. Akasema, "Baba, ile karatasi ya babu iko tayari? Maana ananisumbua kila siku, utafikiri ndiye anayeolewa."

Nikaanza kucheka. Hakukuwa na cha kunichekesha. Kicheko kilikuja kama kwikwi na kikanishika shingo. Amani alikuwa amerudi, akasimama mlangoni na ndoo zake. "Baba, usimcheke mgeni."

"Mwache," akasema yule binti. "Babu yetu sijamwona akicheka tangu nizaliwe. Acha nimwone anayejua." Kisha akaniambia taratibu, "Ukimaliza, baba, tutaendelea." Akangoja. Hakutazama pembeni, hakutazama saa. Nilipomaliza akaona kamba ya kiatu changu imelegea, akainama akaifunga. "Nimefunga fundo mbili. Hii haifunguki hata ukicheza ngoma."

Nilimchukia kwa mafundo yale mawili. Nilikuwa nimeipanga nyumba ya Zakaria moyoni mwangu na watu wake wote walikuwa na sura moja, sura yake. Sasa amenitumia mmoja mwenye mikono. Watu zaidi ya mia moja walimwona baba akicheka siku ile na hakuna hata mmoja aliyengoja amalize. Mimi mwenyewe sikungoja.

Nikawaambia, "Haijawa tayari." Kesho yake wakarudi Ilula mikono mitupu. Amani sikumwambia lolote kuhusu damu yake. Ulimi ulinigomea, na safari hii haukuwa ugonjwa.

Walipoondoka nikaanza barua ya pili, ya kumwandikia Zakaria, isomwe mbele ya ukoo wake wote. Imefika ukurasa wa tatu. Humo nimeeleza kengele, mianzi, ungamo na kaburi. Mwisho wake niliandika hivi: Zakaria asimame mbele ya usharika, pale pale aliposimama baba, aseme kwamba Yeremia hakuwa mlevi, kisha aende kwenye rimu akampigie kengele ya msiba kwa mkono wake mwenyewe, polepole, pigo na kimya, hadi vilima vyote visikie. Akishafanya hivyo, mimi nitawaambia kitu kilichomo katika damu yetu, wanachopaswa kukijua kabla ya harusi.

Niliipenda barua ile. Nilimpa Mama Amani aisome, nikitazamia sifa. Alisoma na kidole juu ya mstari, kama asomavyo siku zote.

"Mwalimu, hapa unasema habari za ugonjwa utazitoa akishapiga kengele?"

"Ndiyo."

"Asipopiga?"

"Asipopiga asisikie."

"Na Sifa?"

Nikashika kikombe changu cha chai.

"Huyo mtoto kakufunga viatu juzi. Unamwuzia maisha yake kwa kengele? Haya. Basi wewe na huyo Zakaria mkae benchi moja, mnafanana."

Nilirusha kikombe, Tabitha. Nakiri kwako. Kilipita sikioni kwake kikavunjika ukutani. Hapo hapo nikaanza kulia, na sikujua kama nalilia kikombe au yeye au baba. Aliokota vipande kimya, akavifunga katika gazeti. Kisha akasema, "Kikombe hiki nakisamehe, ni cha ugonjwa. Hiyo barua ni yako."

Hilo lilitokea Ijumaa iliyopita. Tangu siku hiyo hajanisemesha habari hiyo tena. Ananipikia na kunishika mkono kwenda chooni.

Sasa sikiliza niliyo nayo. Ninayo sentensi moja, ya kweli tupu, ambayo itamfurahisha Zakaria, itakufurahisha wewe, na itanilipia kisasi bila mimi kuinua kidole. Ninayo barua ya pili, ambayo kama nitaikata ule mwisho itabaki na ukweli wote bila malipo yoyote: Amani ataijua damu yake, Sifa atachagua mwenyewe, mabinti wako watatazamwa kwa jicho jingine, na Zakaria hataombwa kitu. Ataisoma ameketi, atakohoa, huenda atasema pole. Baba hatapigiwa kengele. Hilo ndilo linalonikaba. Kumwambia mtu yule ukweli bure, baada ya miaka yote hii, ni kama kulitunga ungamo la baba mara ya pili.

Mwisho ule sijaukata. Mkasi uko mezani. Mkono wangu wa asubuhi una nguvu ya kutosha.

Kuhusu mabinti wako, daktari amesema hivi: kama wewe huna, wao hawana. Unakaribia sitini na unatembea wima, nami namshukuru Mungu. Lakini aliongeza kwamba wengine huanza kwa kuchelewa. Niandikie bila kunificha: bado unashona? Uzi waingia katika sindano mara ya kwanza? Na pale msibani kwa mama mkwe wako mwaka jana, walioniambia kwamba ulitoka nje ukiwa umejifunika kanga usoni, walisema ulikuwa unalia. Ulikuwa unalia kweli?

Nataka kwako mambo mawili. Mshenga asipange siku yoyote na wala usimwahidi Zakaria kitu. Na Amani usimwambie wewe. Nikimwambia, nitamwambia mimi, hata kama itanichukua asubuhi nzima kwa sentensi moja.

Msalimu shemeji, na mwambie asile vumbi la mahindi bila kufunga pua. Wasalimu mabinti zako wote wawili, waambie mjomba wao anaandika katika daftari la watoto na hajapewa alama. Msalimu sana mama mdogo Rahabu, aliyetuanzishia wimbo kaburini. Kati ya wale kumi na mmoja tumebaki sisi watatu, yeye, wewe na mimi. Mwambie baba hakuwa amelewa. Alijua, lakini mwambie tena, kwa sauti, maana masikio yake yamechoka. Mwinjilisti mstaafu msalimu kama utakutana naye. Zakaria usimsalimu.

Nikishaamua nitakutumia bahasha yenye ile sentensi moja au ile barua, umpe mshenga, na kabla ya hapo usingoje neno langu. Hutahitaji kuifungua ili ujue nimeamua nini. Ipime tu mkononi. Ikiwa nzito, kaa chini kwanza, uwaite mabinti zako, ndipo uisome. Ikiwa nyembamba, Tabitha, usishangilie.

Ni mimi kaka yako,
Eliya